Mashine Namba Kumi na Saba

Nje ni nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
Ulaanbaatar imejigubika moshi wa makaa,
mate yakitemwa yanafika chini yakiwa changarawe,
na mashine namba kumi na saba imezima kwa joto.

Cheka, Tsolmon, cheka tu.
Ulikuwa umebakiza adui mmoja.

Nalaza kasha ubavu kama kondoo wa kunyolewa.
Skrubu nne. Kipoza kimeng'ang'ania;
nakizungusha kidogo kushoto, kidogo kulia,
kama anayemwamsha mgonjwa,
mpaka kinaachia: kwach!
Pesti ya miaka sita imekauka
kama maziwa mgando aliyoanika mama juu ya paa la hema,
nyeupe, ina nyufa, ila hii huwezi kuilamba.

Spiriti. Kitambaa. Futa, futa tena.
Sasa najiona kwenye shaba,
pua imevimba, nywele zimenitoka kofiani.
Unadhani shaba hii ni laini?
Ina mabonde, mwanangu, ina vilima
jicho halivioni, na katika kila bonde
hewa imepiga kambi, haipishi moto.

Nachukua sindano isiyomdunga mtu.
Tone moja, katikati. Punje ya mchele.
"Ongeza! Pakaza kama siagi!"
Kaka yangu Nyamsuren naye alikuwa hivyo hivyo,
alikamua tyubu nzima, ikafurika hadi kwenye soketi,
tukakesha tukichokoa pini kwa mswaki.
Pesti si mchuzi, Tsolmon.
Kazi yake ni kuziba pengo, kisha isionekane.
Ikizidi, yenyewe inageuka blanketi.

Nashusha kipoza wima, bila kusita.
Skrubu ya kwanza, nusu mzunguko,
kisha ya pembe ya mkabala, kisha hizo mbili;
kaza upande mmoja tu, na tone litakimbilia wa pili.
Chini ya chuma, nisipopaona,
punje inatandaa.
Hapo mkono wangu hauna tena la kufanya.

Washa.
Feni inakohoa, inakohoa, inashika pumzi.
Arobaini na nne. Arobaini na mbili. Imetulia.
Tsolmon keshavaa hedifoni, hata asante hana.

Saa tano usiku, kituoni, basi halijaja.
Nimeficha viganja kwapani na bado natetemeka.
Kwenye mkono wa koti kuna doa la kijivu,
dogo kama kucha ya mtoto.
Nalisugua kwa theluji.
Linazidi kutandaa.