Mihula Sita Nyuma ya Stakabadhi

Karatasi ndiyo hii. Mbele: kilo mia mbili na kumi na nne,
daraja la kwanza, jina la mama limekosewa,
Nantembele imekuwa Nantebele.
Nyuma ni nyeupe. Nimeipiga mistari kwa ukingo wa kitambulisho,
visanduku sita, miaka mitatu,
na ndani yake nimpange binadamu mzima,
kano na mshipa, jasho na pumzi,
asibaki hata ukucha nje.

Muhula wa kwanza umeshapita na yake:
anatomia, mifupa mia mbili na sita kwa majina,
kemia, na Takwimu ya Kwanza saa moja na nusu asubuhi.
Huingii fiziolojia hujamaliza anatomia,
huingii biomekanika hujamaliza fizikia,
huingii utafiti hujamaliza takwimu,
na takwimu, jamani, imenibwaga.
Alama thelathini na nane.
Kozi moja imeanguka, nne zimejipanga nyuma yake
kama ndoo kwenye bomba lisilotoa kitu.

Mshauri wangu, Dakta Hokororo,
ana kalamu nyekundu na subira ya kupima kwa kijiko.
"Biomekanika Alhamisi, maabara ya moyo Alhamisi.
Miguu miwili unayo, Binasa. Alhamisi mbili huna."
Akafuta. Nikahamisha. Akafuta tena.
"Na huu wa tano, mbona umeuacha mwepesi?"
Sikumwambia kwamba ndiyo miezi ya kuokota,
kwamba ada yangu ya mwaka ule bado ni ua mtini,
haijadondoka, haijaanikwa, haijafika mnadani.
Nikasema, "Nitapumzika kidogo, Dakta."
Akacheka: hata msuli hukua ukiwa umelala.
Nikaliandika pembeni. Huenda likaja kwenye mtihani.

Kuna kozi moja ya hiari, muhula wa sita.
Wenzangu wamekimbilia Ukocha wa Soka;
Chilumba ameshajishonea fulana,
filimbi anayo, timu hana.
Na mimi je? Mita mia nane, uwanja wa Nangwanda,
nafasi ya nne, matapishi baada ya mstari.
Kila mtu anajua nilikuja kusomea mbio.
Nami nilijua hivyo hivyo.

Likizo nikaenda Newala. Pampu ilikuwa imekufa.
Mama na wenzake walishuka bondeni giza halijatoka,
nami nyuma yao na saa ya mapigo niliyoazima maabara.
Kupanda: lita ishirini kichwani,
shingo haitikisiki, nyonga ndizo zinazopiga hesabu.
Miaka hamsini na mitatu. Kona ya tatu akanipita,
akaniuliza kama nilikunywa chai.
Kule juu nikamvalisha saa: mia moja hamsini na mbili.
Baada ya dakika tatu: tisini na sita.
Goti la kulia halikunji vizuri. Hakulisema;
nililiona alipoinamia mguu mwingine kuishusha ndoo.

"Mia hamsini na mbili ni nyingi?"
"Ni kazi kubwa, mama."
Akaitazama ile saa kama mtu anayesomewa barua.
"Kumbe inaandikika."

Usiku huu hapa Chuno umeme umekatika,
feni imesimama, natumia tochi ya simu.
Nimefuta Ukocha. Nimeandika: Mwili na Mzigo.
Tumejiandikisha wawili tu; tusipofika watatu inafutwa.
Kesho nitamfuata Chilumba na filimbi yake,
nimwambie timu ipo, ina wanawake kumi na mmoja,
mazoezi yao huanza saa kumi alfajiri
na hawajawahi kupewa hata dakika ya majeruhi.
Takwimu nairudia. Kiti cha mbele, asubuhi ile ile.

Kisha nimegeuza karatasi,
nimeipachika ile *m* mahali pake kwenye jina la mama,
kwa penseli, maana chama cha msingi bado wataidai.