Upande wa Machafu

Winipegi, Februari. Kope zinagandana
kabla hujaufikia mlango wa dobi la hospitali.
Nilipanga viti kumi na vinane duara;
wakavisukuma nyuma kwa visigino, kidogo kidogo,
hata duara likawa yai.

Bwana Friesen, msimamizi, ndiye aliyetangulia:
“Sisi hapa hatuoni rangi.”
Yeye, ambaye mwaka wa thelathini na moja huu
anatenga nyeupe na za rangi.

Mtu akacheka. Kicheko kifupi, kama kifungo kukatika.

Nikanyamaza. Nusu ya ujira wangu ni wa kunyamaza,
kuacha kimya kikae kitini kama mgeni,
nisikifukuze kwa swali la pili.
Ng’ambo ya ukuta mashine zilizunguka, zikakamua, zikazunguka.

“Jengo hili lina pande mbili,” akasema aliyecheka,
Marivic Dimaculangan, akiitazama mikono yake.
“Upande wa machafu: damu, matapishi,
sindano iliyosahauliwa ndani ya shuka.
Upande wa masafi: meza, dirisha, redio.
Haya, nani yuko wapi?”

Hakuna aliyegeuka. Walihesabu kimoyomoyo:
Tariku, machafu. Bi Loretta Beardy, Mkrii kama mimi, machafu.
Redio, sote tuliijua ni ya nani.

“Ni miaka kazini tu,” akasema kijana wa dirishani.
“Yangu kumi na tisa. Yako?”
“Sita,” ikamtoka
kama senti ya mwisho ya mdaiwa.

Friesen shingo ilimwiva. “Mimi si mbaguzi.”
“Sijauliza wewe ni nani,” nikasema.
“Nauliza ratiba huandikwa na nani.”

Kikulacho ki nguoni mwako,
na hawa nguo ndiyo kazi yao.

Wakati wa chai, na hili lazima niliseme,
mimi mwenyewe nilimwomba Marivic atuletee vikombe.
Alinitazama tu.
Nikaenda kuvichukua, masikio yakiniwaka.

King’ora kikalia. Wakatoka kwa milango miwili, ile ile.
Friesen akabaki, akibebanisha viti.
“Lile jina lake hutamkwaje? Miaka yote namwita Meri.”
“Kamuulize.”
Akautazama mlango wa machafu, kiti kingali mkononi.

Ratiba ya Machi imebandikwa ukutani.
Nimeichungulia nikivaa koti:
imeandikwa kwa penseli.