Dengu Nane

Mwaka ule mrehani wetu uliipita yote mtaani,
majani mapana kama masikio ya mwanambuzi,
harufu inapanda ngazi hadi kwa Bi Angustias,
aliyeuliza kwa wivu: mnaulisha nini?

Hatukujua.
Ilikuwa Écija, Agosti,
nyuzi arobaini na tatu kivulini,
mji umefumba madirisha kama mgonjwa wa macho,
na baba yangu Eustaquio, fundi saa mstaafu,
ameketi mkabala na gudulia asilolitaka.

Wiki mbili kabla, aliniita Visitación.
Visitación ni dadake, aliyezikwa kabla sijaota meno ya pili.
Akauliza kama nimeshawafunga nyumbu.
Nyumbu! Ghorofa ya tatu!
Kaka yangu akalinong'ona kwenye simu
lile neno ambalo watu hulinong'ona,
nami nikaanza kulia taratibu,
kama mtu anayelipa deni kabla hajadaiwa.

Lakini muuguzi, kijana mwenye kucha safi,
hakumuuliza mwaka wala jina la mfalme.
Aliifinya ngozi ya mgongo wa mkono wake, akaiachia.
Ngozi ikabaki imesimama,
hema dogo lisilo na mtu.
"Huyu hajapotea," akasema. "Huyu amekauka."

Chupa moja ya dripu, halafu nusu ya pili.
Saa tatu usiku midomo ilikuwa midomo tena.
Aliitazama saa ya ukutani, akasema imechelewa dakika nne
(kweli ilichelewa),
kisha akasema: Fuensanta, mbona umekonda?
Jina langu, kwetu, lina chemchemi ndani yake.
Sikuwahi kulisikia hivyo, kwa ulimi uliolowa.

Muuguzi aliniandikia pembeni mwa gazeti:
Kiu huzeeka kabla ya mwenyewe.
Kengele imekatika, nyumba inaungua, hakuna anayeamka.
Damu huwa nzito kama asali ya kipupwe,
figo huchuja tope,
ubongo uliozoea kuelea hukwama mchangani.
Nikatafuta jina la dawa. Hakuandika dawa.
Aliandika: glasi nane. Asingoje kiu.

Nikahesabu dengu nane kisahanini.
Kila glasi, dengu moja inahamia kikombeni.
Jioni zote zimehama, najipongeza:
binti mwema, hesabu safi.

Na mrehani ukazidi kunenepa.

Nilimfumania saa tano asubuhi, viatu vyangu mkononi:
glasi ya tatu yote chunguni,
dengu ya tatu kikombeni, tak,
uso mtakatifu kama sanamu ya kanisani.

Sikufoka. Nilikaa sakafuni, ndiko kulikopoa.
Alisema bila kuniangalia:
Maji hayana tabu kuingia.
Tabu ni usiku, yanapotaka kutoka.
Hatua kumi na tisa hadi chooni.
Ya kumi na mbili ndipo alipoangukia mama yako.

Basi tukapanga upya, kama watu wanaofungua saa mezani:
glasi sita kabla jua halijainama,
mbili za mwisho tikiti maji na supu baridi ya nyanya,
na taa ndogo ya buluu kwenye hatua ya kumi na mbili.

Sasa huliinua gudulia juu kwa mikono miwili,
uzi wa maji unashuka ukimeta, unampata mdomoni,
koo linapanda, linashuka.
Gudulia nalo linatoka jasho, ndivyo linavyopoa.
"Udongo wenye akili," husema, akijifuta kidevu.
Kichwa hakimgongi tena alasiri, choo hakimtesi,
na juzi ameitengeneza saa ya Bi Angustias
pasipo kidole kutetemeka.

Mrehani umepungua, unafanana na mirehani ya watu.
Bi Angustias ameuliza tena.
Nimemwambia tumebadilisha anayenyweshwa.

Dengu tumezipika Jumapili.
Zilikuwa tisa.
Hajaniambia ya tisa aliitoa wapi.