Elfu Ishirini na Sita na Mia Nne

Orest Hrynkiw alinunua modemu ya hamsini na sita
kwa pesa za ngano ya msimu mbaya,
akaifungua mezani kama anayechuna sungura,
kisha akanipigia: Njoo, nimeibiwa.

Saskatchewan, Januari, thelathini chini ya sifuri.
Gari langu lilikohoa njia nzima.
Kwenye kioo, kidirisha cha kijivu:
Umeunganishwa. 115,200.
"Ona," akasema, "mara mbili ya nilicholipia,
na picha ya mjukuu haijafika tangu tulipokunywa chai."

Nikamwambia hiyo siyo kasi ya njia.
Hiyo ni kompyuta ikinong'onezana na modemu,
shubiri mbili za waya, hapa hapa mezani.
Nje ya ukuta ni habari nyingine:
shaba nyembamba, nguzo baada ya nguzo, maili saba
mpaka kibanda cha mitambo ya simu,
viungo vyenye kutu,
panya aliyekula ganda la waya mwaka juzi.
Nikabofya huku na kule, nikamtolea ya kweli:
26,400.

"Elfu za nini?"
Za biti. Ndiyo na hapana, ndiyo na hapana,
nane zikishikana ndipo unapata herufi.
Akapiga hesabu nyuma ya risiti ya dizeli,
penseli fupi kuliko kidole:
herufi elfu tatu na ushee kila sekunde.
Akaitazama ile namba.
"Mimi na Taras," akasema, "kwa mwaka mzima..."
Akaiweka penseli sikioni.

Olha, jikoni, hakugeuka:
"Humu ndani anasema laki moja na kumi na tano.
Mpe simu aongee na mwanawe:
kuna theluji, ngano imeshuka bei, haya, kwaheri."

Tukapiga tena. Modemu ikalia
kama paka wawili ndani ya debe.
Ndiyo wanapatana, nikaeleza:
Waweza hii? Siwezi.
Na hii? Waya haukubali.
Basi hii? Hii, sawa.
Kisha kimya, na taa ndogo ikiwaka na kuzima.

Picha ikaanza kushuka kutoka juu, utepe kwa utepe:
pazia la hospitali, kofia ya sufu,
paji la uso lililokunjamana kama la mdai.
Orest akasogeza kiti.
Nyusi. Jicho moja, halafu la pili.
Pua ilipofika nusu
Olha aliinua simu ya jikoni ampigie dada yake,
na mtoto akakatika.

Nilingoja matusi.
Orest akavua miwani, akaifuta kwa shati.
"Pua ni ya kwetu," akasema. "Piga tena."

Safari hii ilishika 24,000.
"Inatosha," akasema,
na akaenda mwenyewe jikoni
kukalia simu.