Nguzo ya Arobaini na Moja

Barua yake niliikuta juu ya ratiba ya kazi,
imekunjwa mara nne, inanukia sabuni ya hospitali.
"Kwa fundi wa taa, Mtaa wa Wafumaji, Łódź.
Tafadhali njoo uone. Zinanizimikia."

Hakuandika zinazimika.
Zinanizimikia,
kama mtu asemavyo mvua imeninyeshea,
mtoto amenililia, kuku wamenifia.

Bi Wiesława Kubik, dobi wa zamu ya usiku,
miaka hamsini na minane, viatu vya mpira,
alinimiminia chai kwenye glasi,
akafungua kijidaftari.
Tarehe. Saa. Namba ya nguzo.
Kurasa na kurasa, kwa penseli,
tangu majira ya baridi ya mwaka wake wa kumi na tisa,
alipokuwa akisindikizwa na kijana aitwaye Ludwik.
"Hata taa zinakukonyeza!" Ludwik alisema, akacheka.
Mara ya tano hakucheka.
Mara ya saba alivuka barabara
akatembea upande wa pili.

"Tangu hapo natembea kwa adabu," akaniambia,
"nahofu kuwaharibia watu usiku wao."

Nikamweleza. Ndiyo kazi yangu.
Balbu ya sodiamu ikizeeka hupata joto kupita kiasi,
hujizima, hupoa, hujiwasha tena,
usiku kucha, kama mzee anayeamka kwenda haja.
Wewe unapita tu, mama.
Na zile mia ulizozipita zikiwaka
hukuziandika.

Alisikiliza huku akikoroga chai
ambayo hakuitia sukari.
"Sawa," akasema. "Basi nisindikize."

Saa kumi na dakika kumi alfajiri.
Theluji ilikuwa imeshikana, inalia chini ya viatu.
Thelathini na nane, inawaka.
Thelathini na tisa, inawaka.
Arobaini, inawaka,
nami nahesabu kwa sauti, kifua mbele,
kifua cha mtu mwenye cheti.

Arobaini na moja ikakohoa rangi ya chungwa,
ikafifia,
ikafa juu ya vichwa vyetu.

Yeye hakuinua hata macho.
"Samahani," akasema,
sijui aliniambia mimi au aliiambia nguzo.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.
Nilisimama gizani na bisibisi mfukoni
nikiona haya kama mtu aliyekutwa akisengenya.

Aprili tukaleta taa mpya,
nyeupe kama meza ya upasuaji.
Hazichoki. Hazikonyezi. Hazimjui mtu.
Mtaa mzima ukamalizika kwa siku tatu
na manispaa wakatushukuru kwa karatasi.

Wiki ya pili nikamkuta chini ya arobaini na moja,
kofia mkononi, ameinua uso kwenye ule weupe.
"Zimeninyamazia," akasema.
"Miaka thelathini na tisa nimeziomba ziniache.
Sasa napita kama gazeti linalopeperushwa."
Kijidaftari hakuwa nacho.
Nilimtazama mkono, umekunjika bado
kama wenye penseli.

Usiku ule nikatoa ghalani taa moja ya zamani,
kofia yake ina kutu, balbu yake ina umri wa mwanangu.
Nikapanda peke yangu, bila ruhusa.
Kwenye fomu nikaandika: Imekaguliwa. Nzuri.

Hajaniandikia tena.
Ila mlinzi wa hospitali anasema
dobi wa usiku ameanza kurudi kwa miguu
hata siku ambazo basi lipo.

Na mimi, mjuzi wa joto na gesi na volti,
nikitoka zamu huzunguka Mtaa wa Wafumaji,
ingawa kwangu ni upande mwingine wa mji.
Nasimama chini yake dakika tano, sita,
nakohoa kidogo, ijue kuna mtu.

Kwangu inawaka tu.