Siku ya Tatu

Nyumba tuliikodi siku saba, Ventnor,
kusini mwa Kisiwa cha Wight, mteremko wa kuvunja magoti,
ufunguo ndani ya kisanduku cha tarakimu nne
alichokifungua Kombo mara ya tatu, jasho likimtiririka,
maana jua la siku ile halikuwa la Uingereza.
"Mlinidanganya," mama akasema, akikunja sweta lake.
"Na soksi za sufu nimezibeba bure."

Miezi kumi na minne nilidunduliza,
zamu za usiku, wodi ya wazee, Portsmouth,
paundi kumi, paundi kumi, kwenye bahasha ya kahawia,
ili Bi Mize binti Faki, aliyefua
mashuka ya wageni hotelini miaka kumi na tisa,
alale siku saba kwenye shuka
atakalolifua mtu mwingine.
Sikumwambia hivyo.
Nilimwambia: tunapumzika tu.

Siku ya kwanza aliketi ukingoni mwa kiti,
mkoba mapajani, kama anasubiri daktari.
Jalada la masharti akataka asomewe lote:
taulo nyeupe zisitoke nje, kelele mwisho saa nne,
kina cha bwawa ni mita moja na nusu.
"Na mwenyewe yuko wapi?"
Hispania, nikasema. Mapumzikoni.
Akafikiri. "Ana nyumba kama hii,
naye kaenda kukaa kwa watu."

Siku ya pili wanangu walishinda majini
hadi vidole vikakunjamana
kama maharage yaliyoanza kulowa.
Mama akatumbukiza mguu mmoja, hadi kifundoni,
akautoa, akautazama,
akauliza maji haya yakichafuka hupelekwa wapi.
Usiku nikamchungulia: kalala juu ya tandiko,
hakuvuruga hata pembe moja ya shuka,
kajifunika kanga yake, kajikunyata,
kama mtu aliyepokea mzigo wa wenyewe
na wenyewe watarudi sasa hivi.
Niliikumbuka ile bahasha. Nikafunga mlango.

Siku ya tatu niliamshwa na sauti niliyoijua
kabla sijalijua jina langu:
kwaru. Kwaru.
Chuma kinakwaruza udongo.
Saa kumi na moja na nusu, jua limeshatoka,
bahari chini huko imenyooka kama iliyopigwa pasi,
na mama yuko kwenye tuta la maua,
kainama kiunoni, miguu wima,
jembe kalipata kibandani, dogo, la kuchezea,
magugu kayaweka mafungu mafungu kama ya kuuza.
Nikatoka pekupeku, hasira zimenipanda.
Mama, nimelipa! Wewe hapa ni mgeni!
Hakugeuka.
"Mgeni siku mbili," akasema.
"Ya tatu hukunipa. Nimejipa."

Usiku ule alilala ndani ya shuka,
katikati ya kitanda kama mwenye kitanda,
akakoroma hadi Kombo akasikia chumba cha pili.
Siku ya tano aliingia bwawani na dera lake,
likamvimba pembeni kama puto,
na wajukuu wakamzunguka wakipiga kelele
tena saa nne ilikuwa imeshapita.

Jumamosi, kabla Lorraine wa usafi hajafika na ndoo,
vitanda vyetu vyote mama kavivua,
mashuka kayakunja ncha kwa ncha mlangoni.
Cha kwake tu kakiacha kilivyo, kimevurugika,
mto bado una shimo la kichwa.
Nikataka kukitandika. Akanishika mkono.
"Kiache. Hicho nimelala mimi."
Nikainua mto: noti mbili za paundi tano,
zimekunjwa ndogo, kama dawa.

Kwenye feri nikamuuliza,
miaka yote ile, mama, wangapi walikuachia?
Akanyoosha mkono mmoja juani, akahesabu taratibu,
na vidole vikabaki.