Kimya Kinauzwa Dzelvene

Kikao kilianza saa nne, kahawa imeshapoa.
Mkurugenzi Raivis akabandika ramani ya wilaya yetu,
maziwa yametapakaa humo kama maziwa
aliyoyamwaga mtoto mezani.
"Wenzetu wa pwani wana mchanga," akasema,
"wa mji mkuu wana minara. Sisi tuna nini?"

Tukataja korongo juu ya nguzo za umeme,
vyungu vya udongo, mkate mweusi wa Veneranda.
"Kila wilaya ina korongo," akasema Raivis.
Ndipo kijana wa kompyuta, aliyetoka Riga juzi tu,
akasema: "Usiku sikusikia kitu. Kitu chochote."
Raivis akapiga meza: "Hicho! Hicho ndicho tutakachouza."

Nikaandika, maana kuandika ndiyo kazi yangu:
DZELVENE. KIMYA KINAKUSUBIRI.

Sikuandika kimya hicho kilivyotengenezwa.
Kilianza shule ilipofungwa, mwaka wa watoto kumi na mmoja,
kengele yake ikapelekwa makumbusho.
Kikakolea kiwanda cha kitani kilipozima mashine.
Wakaondoka akina Zenta, wakaondoka wana wa fundi saa,
akaondoka na Donats wangu, begi moja
na soksi nilizomfumia,
kwenda Ayalandi kuvuna uyoga mabandani, gizani,
yeye aliyekuwa akiokota uyoga msituni hapa
mchana kweupe, bure.
Kimya kizuri hakiji hivi hivi.
Chetu tulikilipia kwa awamu.

Mpiga picha alikuja Juni.
Akataka kamba ya nguo ianuliwe,
dishi la televisheni lifunikwe kwa matawi,
trekta isogezwe nyuma ya ghala.
Akamvika Veneranda kitambaa cha kichwa
ambacho hajakigusa tangu harusi ya dada yake.
"Mbwa abaki," akasema, "ila asibweke,"
utadhani picha ina masikio.
Veneranda akaninong'oneza:
"Mwenzangu, wananipamba kama maiti."

Korongo hawajawahi kutumiwa kijitabu.
Kila Aprili wanarudi kutoka Afrika,
kiota kile kile, nguzo ile ile,
wala hakuna aliyewapunguzia nauli.
Niliyasema haya kikaoni.
Yakaingizwa kwenye "mengineyo".

Oktoba, simu.
"Mama, niko kituo cha basi, mvua inanyesha.
Nimemwona Veneranda ukutani, mkubwa kuliko mlango.
Nyuma yake ni uzio wetu.
Nimeutambua kwa ule ubao nilioupigilia upande."
Kisha akanyamaza, nami nikanyamaza,
na dakika zile hazikuwa za kuuzwa.

Alikuja Mei, siku nne, gari la kukodi.
Akapitia ofisini kwangu kwanza,
amesimama mlangoni kama mtu anayeulizia choo.
Sheria ni sheria, kila aingiaye hujaza fomu.
Anatoka: Ayalandi. Atalala: usiku nne.
Sababu ya kuja: mapumziko, biashara, tiba,
nyingine (eleza).
Akatia alama kwenye "nyingine".
Pale pa kueleza akashika kalamu muda mrefu.
Nje korongo alikuwa akigonganisha mdomo,
ka-ka-ka-ka, juu ya nguzo,
kelele pekee mjini.
Akanirudishia karatasi vile vile.

Ripoti ya msimu nimeiandika jana:
wageni wameongezeka kwa asilimia tatu.
Mmoja wao, kabla ya kuondoka,
aliunyoosha ule ubao wa uzio, akapiga misumari mipya.
Jioni nilitafuta nyundo.
Nimeupinda tena,
kidogo tu,
kama ulivyo kwenye picha.